Mamba Aliyechorwa Muleba

Wiki iliyopita vijana wawili wa ofisini walinifuata hapa nyumbani Kibeta, wameshika ramani mpya ya mlango wa mto kule Muleba. Walikuwa na swali moja tu. Kuna mahali kwenye ramani hiyo, karibu na ufuko, ambapo wanakijiji wanapaita Kwa Mamba. Je, waweke alama ya hatari? Nikawaambia jibu lake ni refu, kaeni kwanza, ndizi za bitoke ziko jikoni. Wakasema wana haraka, dereva anawasubiri. Haya. Asiyetaka kula akisubiri jibu atalisoma na njaa. Nimeliandika hapa.

Habari za vyeo sitaandika. Cheo changu cha mwisho kilikuwa na maneno mengi kuliko kazi yenyewe, na kazi yenyewe ilikuwa hii: kuchora sakafu ya maji. Wapi pana mchanga, wapi pana tope, wapi pana kokoto, na ni viumbe gani wanaishi juu yake na ndani yake. Watu wanadhani chini ya ziwa ni kitu kimoja tu, chini. Hata mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikufa akiamini kwamba serikali inanilipa kupanda mtumbwi.

Siku ya kwanza nilifika ofisini pale Bukoba nimevaa sketi nyeupe. Nilikuwa na cheti kipya na nilitaka kionekane. Mkuu wa kitengo alikuwa Bwana Mbonde, mtu wa Rufiji, mrefu, mkimya, anayevaa shati la mikono mirefu hata jua likiwa kali. Alikitazama cheti, akaitazama sketi, akaniuliza kama najua kuogelea. Nikasema najua. Akasema, "Hongera, binti. Mimi sijui." Kisha akanipa chekecheo za kuchujia tope nizioshe, na nilipomaliza akanipa tena zilezile, kwa sababu alipopitisha kidole kwenye wavu kilitoka na tope. Sketi ile sikuivaa tena kazini.

Alinifundishia kwenye mlango wa mto Kanoni, hapo hapo mjini, ambapo ukikosea unarudi kwa miguu. Kifaa chake alichokipenda kilikuwa bildi. Nyinyi mmeiona imening'inia ukutani mkadhani ni pambo. Ni donge la risasi lenye kamba iliyofungwa mafundo, na chini yake kuna kishimo. Kwenye kishimo tulishindilia sabuni ya mche. Ukiishusha hadi sakafuni, sabuni inarudi na habari. Mchanga unanata. Tope linaipaka rangi. Ikirudi safi lakini ina mikwaruzo, chini ni mawe. Baadaye tulipata koleo la kuchotea tope, lile lenye taya mbili, tukaliita Domo. Domo likibana jiwe kwenye taya linarudi tupu, tope lote limemwagika njiani, na Bwana Mbonde alikuwa akisema, "Domo limetudanganya leo, rudisha."

Kisha kulikuwa na meno. Tope likitoka alilifikicha kwanza kwa vidole, halafu akachukua chembe ndogo akaitia kwenye meno ya mbele. Likikwaruza ni lile vumbi laini la mtoni. Likiteleza kama siagi ni udongo mfinyanzi. Mwanzoni nilichukia, nikamwambia shuleni tulifundishwa kupima maabara. Akanijibu, "Maabara iko mjini, binti. Meno umekuja nayo." Vipimo vya maabara vilipotoka alivilinganisha na meno yake, na alipokosea aliandika kwamba amekosea. Hiyo ndiyo sababu niliamini ramani zake.

Tabia yake moja ilinichukua muda kuielewa. Siku moja mtumbwi ulikuwa umetulia nami nimeacha mkono wangu ucheze majini. Akanipiga kwa penseli kwenye kifundo. "Toa mkono majini." Nikadhani ni ukali wa kizee tu. Jioni, tukiosha chekecheo, akanieleza mwenyewe bila kuulizwa. Kwao Rufiji mdogo wake alitumwa mtoni kuchota maji. Walipomfuata walikuta ndoo imesimama pembeni, imejaa, na mtoto hayupo. Alichukuliwa na mamba. Bwana Mbonde alinieleza hayo huku akiendelea kusugua wavu, na hakuyarudia tena. Miaka yote niliyofanya naye kazi, mtu ambaye riziki yake ilikuwa chini ya maji, sikuwahi kumwona akilowesha hata viatu.

Sasa twende Muleba.

Kulikuwa na mradi wa kuvuta maji ya ziwa kwa ajili ya kijiji kilicho pale mlangoni mwa mto. Wahandisi walitaka kujua bomba lilale wapi lisizame kwenye tope, na mdomo wake ufike wapi usinyonye uchafu wa mto. Tulipofika, mtu wa kwanza kutupokea alikuwa Nesi Edita, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, aliyekuwa akiendesha zahanati peke yake pamoja na mhudumu mmoja. Hakutusalimia kwa maneno mengi. Alituingiza moja kwa moja chumba cha kujifungulia akatuonyesha ndoo zilizopangwa ukutani. Maji yalikuwa ya kahawia. Alikuwa akiyatia shabu jioni ili asubuhi yawe yametulia.

"Haya ndiyo ninayowaogeshea watoto wanaozaliwa," alisema. "Mama akitokwa na damu, haya haya. Nikinawa mikono, haya haya. Mnisaidie, waitu, jamani."

Bwana Mbonde aliinama, akachovya kidole chini ya ndoo, akatia mashapo kwenye meno. Nikaona uso wake unabadilika. "Ni ya mtoni," alisema. "Mto unayamwaga na upepo unayasukuma hapa hapa ufukoni. Maji ya ziwa yenyewe hayajawahi kufika humu." Aliifuta midomo kwa leso, akatazama kile kitanda cha kuzalia, na nadhani alikasirika. Tope alilizoea kila mahali isipokuwa hapo.

Nesi Edita alinitazama tumbo. Nilikuwa mjamzito na nilikuwa nimeanza kuonekana. "Wewe ukisikia uchungu kimbilia Bukoba," aliniambia. "Huku usizalie." Alicheka, mimi pia nikacheka, lakini njiani kurudi kwenye mtumbwi niliikumbuka ile kauli na sikucheka.

Tulipima mlango ule kwa kwenda na kurudi kama mtu anayelima matuta. Karibu na ufuko mchanga, kisha ukanda mpana wa tope jeusi linalonuka yai viza, kisha, upande wa kusini, jambo ambalo hatukulitarajia: bildi ilirudi na sabuni yenye mikwaruzo. Tukarudia. Mikwaruzo tena. Ulikuwa ulimi wa kokoto, mgumu, umeanzia karibu tu, mahali ambapo maji yanamfika mtu kifuani, ukaenda hadi kwenye kina ambako maji ni meupe. Bomba lingelala juu yake bila kuzama hata kidogo. Bwana Mbonde alicheka kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia.

Ilibaki kazi ya viumbe, kuandika nani anaishi wapi. Mimi nikaenda likizo ya uzazi, nikajifungua Bukoba, maji ya bomba yakitiririka chumba cha pili. Bwana Mbonde akabaki kumalizia.

Na aliimalizia vizuri, kwa utaratibu wake. Aliwauliza wavuvi, ukanda kwa ukanda. Kwenye mchanga kuna nini? Sato wanatagia. Kwenye mawe? Furu. Na kwenye tope hili jeusi? Wakamjibu wote kwa pamoja: mamba.

Hapa nieleze, maana baadhi yenu si wenyeji. Yule samaki mrefu anayejichimbia topeni, anayepumua hewa na kuuma kidole, kwa Kiswahili cha ziwani ni kamongo. Sisi Wahaya tunamwita emamba. Na Mhaya akizungumza Kiswahili ana desturi yake: anaondoa ile herufi ya mbele halafu anadhani ametafsiri. Ebitoke zikawa bitoke, olubisi, pombe yetu ya ndizi, ikawa lubisi, na hakuna aliyedhurika. Basi na emamba akawa mamba. Mvuvi wa Muleba amesema kweli tupu kwa lugha anayoamini ni Kiswahili, na mtu wa Rufiji amesikia neno ambalo kwao lilimaliza mtoto.

"Wakubwa?" aliwauliza.

"Wakubwa! Wengine wanakaribia urefu wa mtu."

Hakuuliza zaidi. Nani angeuliza zaidi? Tangu siku hiyo alipima akiwa katikati ya mtumbwi.

Niliporudi kazini ramani ilikuwa imeshachapwa makao makuu na kutundikwa ukutani. Ilikuwa nzuri. Lakini kwenye ule ukanda wa tope, kati ya ufuko na kokoto, kulikuwa na vichwa vya mamba vimechorwa kwa rangi nyekundu, meno nje.

"Bwana Mbonde," nikasema, "hawa wametoka wapi?"

"Wananchi wenyewe wamewataja. Ndiyo maana mradi umesimamishwa. Hakuna mpiga mbizi atakayekubali kushuka pale, na mimi siwalaumu."

Nilisimama nikaitazama ramani, nikatazama ukanda, nikahisi kicheko kinanipanda, kisha nikaikumbuka ile ndoo ya Rufiji. Nikamwambia kuhusu emamba. Nilimwambia polepole, maana nilijua ninamwambia nani. Alivua miwani akaiweka mezani.

"Kamongo?"

"Kamongo, mzee."

"Wale tunaowala?"

"Nyinyi mnaowala. Kwenye ukoo wetu ni mwiko."

Akasema, "Yule nesi," akanyanyuka kutafuta karatasi ya kuandikia barua.

Barua tuliandika, tena kwa Kiswahili kilichonyooka. Lakini makao makuu nao walikuwa na ushahidi wao. Walikuwa wamekwisha kumpigia simu mtendaji wa kijiji, Bwana Laurian, ili kuhakikisha. Mazungumzo hayo Bwana Laurian alinisimulia mwenyewe baadaye, bila haya hata kidogo.

"Waliniuliza, mtendaji, hapo kwenu kuna mamba? Nikasema wapo! Wakauliza, wengi? Nikasema mvua zikianza ni wengi mpaka watoto wanawashika kwa mikono. Wakauliza, wanauma? Nikasema ukimwingizia kidole mdomoni anakikata, lakini ukimpiga kichwani kwanza anatulia. Wakauliza mnachukua hatua gani? Nikasema tunawakausha kwa moshi."

"Nao wakasema nini?"

"Wakasema tuwe wavumilivu, serikali inaleta msaada."

Msaada uliokuja ulikuwa bango. Lilisimikwa ufukoni, limeandikwa kwa herufi kubwa: HATARI, MAMBA. Wanakijiji walilisoma wakaelewa kwamba serikali imepiga marufuku kula emamba. Wakaanza kuwala kwa siri. Akina mama waliokuwa wakifulia pale wakahama kwa kuogopa faini. Kwa hiyo wahandisi walipoambiwa kwamba watu hawaingii tena majini tangu bango lisimikwe, walisema mnaona?

Ningeweza kuishia hapo mkacheka, na mimi mwenyewe nimewahi kukisimulia kisa hiki harusini kikaishia hapo. Lakini wakati huo Nesi Edita alikuwa bado anatia shabu kwenye ndoo. Alinitumia salamu kupitia dereva: mama mmoja kutoka upande wa pili wa mto amejifungua salama, kisha amepata homa, na siku ya tatu amezikwa. Hakusema ni maji. Nesi hasemi kitu asichokipima. Nilikuwa namnyonyesha mwanangu nilipopata salamu hizo, na nikaona haya, ingawa sikuwa nimekosa.

Hatimaye wahandisi wakakubali kuja kuona kwa macho. Kama hawataridhika, walisema, mradi utahamishiwa kijiji kingine, na maombi ya namna hiyo hayakuwa machache. Tulisimama ufukoni karibu na bango: wahandisi, mpiga mbizi wa mkandarasi, Bwana Laurian, Nesi Edita na sare yake, na nusu ya kijiji. Nilieleza habari ya neno. Bwana Laurian, aliyekuwa ameelewa sasa, aliitisha emamba mmoja wa moshi akaonyeshwa kwa kila mtu. Mkuu wa wahandisi alimtazama yule samaki kwa heshima.

"Mama, nakubali huyu ni samaki," alisema. "Lakini kuwepo kwa samaki hakuondoi mamba. Mna ushahidi gani kwamba hayupo?"

Na alikuwa na haki. Hapo ndipo kazi yetu inapoishia, vijana. Domo huchota kilichopo. Hakuna chombo kinachochota kisichokuwepo. Ziwa hili lina mamba wa kweli sehemu nyingine, kila mtu anajua. Mpiga mbizi akatazama kando. Mhandisi akaanza kukunja ramani.

Bwana Mbonde alikaa chini mchangani. Nikadhani amechoka. Alikuwa anafungua kamba za viatu.

Alivipanga viatu kando kwa kando, soksi ndani. Akachukua ule mti wetu wa kupimia kina. Nikamshika mkono wa shati nikamwambia, "Mzee, hapana, nitaingia mimi, najua kuogelea." Akaniambia, "Wewe una mtoto anyonyaye. Na ramani ni yangu." Kisha akamgeukia mhandisi. "Ikunjue hiyo, bwana. Nifuate kwa kidole."

Akaingia. Maji ya vifundoni, ya magotini. Kila hatua aliuchoma mti chini mara mbili tatu kabla ya kuinua mguu. Lakini sauti ilikuwa ya kazini.

"Mchanga," alisema. "Mchanga. Mchanga mwembamba." Hatua. "Mchanga umechanganyika." Hatua. "Tope."

Mhandisi alikuwa anasogeza kidole juu ya ramani. Maji yalimfika kiunoni, akawa anavuta miguu kwa shida, na mara akapiga ukelele, "Yupo!"

Jamani. Watu walirudi nyuma kama wamepigwa fimbo. Mwanamke mmoja akaita Bikira Maria. Mimi nilikuwa tayari nimo majini hadi magotini na viatu vyangu. Bwana Mbonde alisimama, ameshikilia mti kwa mikono miwili, macho ameyafumba. Kitu kilikuwa kinamzunguka miguuni chini ya tope. Alisimama hivyo kwa muda ambao mimi niliuona mwaka. Kisha akayafumbua macho.

"Kamongo," alisema. "Ameteleza juu ya mguu. Andika: kamongo."

Nesi Edita ndiye aliyeanza kucheka, huku analia. Bwana Mbonde akaendelea. "Tope. Tope." Maji yalimfika kifuani, na mtu huyu hajui kuogelea, nawakumbusha. "Tope linapungua." Akasita, akapapasa kwa mguu. Akainua kichwa, akatutazama, na sauti ikamtoka kubwa: "Kokoto!"

Kidole cha mhandisi kilikuwa kimefika kwenye kokoto.

Kitaalamu, mtu mmoja kutoliwa si ushahidi. Nilimwambia hivyo Bwana Mbonde mwenyewe siku ile ile, akitetemeka ndani ya gari amefunikwa kanga ya Nesi Edita, naye akakubali. Lakini mpiga mbizi aliona haya kubaki ufukoni wakati mzee amesimama majini, akavaa vifaa vyake. Bomba lilipita juu ya ulimi ule, pale pale. Siku lilipofunguliwa Nesi Edita hakungoja hotuba ya mgeni rasmi. Alijifungia chumba cha kujifungulia, akafungua koki, nasi nje tukasikia maji yanapiga ndoo, na yeye anaimba. Bango la HATARI, MAMBA Bwana Laurian alilichukua akalifanya mlango wa banda la kuku.

Bwana Mbonde alistaafu baada ya hapo akarudi kwao Rufiji. Bildi aliniachia mimi. Kifaa cha kupima kwa mwangwi kilipokuja, kisha kompyuta, nilimpigia simu kumweleza kwamba sasa tunaiona sakafu yote kwenye kioo bila kushusha kamba. Akauliza, "Na meno mnayatumia lini?" Alifariki kabla ya masika yaliyopita. Binti yake alinipigia. Nililia mchana kutwa, na mume wangu aliyezoea kuniona mkavu hakujua la kufanya, akanipikia chai.

Kabla sijastaafu nilikwenda kupima mlango ule mara ya mwisho. Bomba linaonekana wazi kwenye kioo, limelala juu ya kokoto. Pembeni mwake, topeni, kamongo wamejichimbia mashimo. Nilimuuliza mama mmoja anayefua pale ufukoni panaitwaje. Alikuwa bado kijana, labda hata hakuwa amezaliwa siku ile. Akasema, "Hapa ni Kwa Mamba." Nikamuuliza mamba gani. Akasema hajui, ndivyo panavyoitwa, na yeye amezaliwa hapo zahanati.

Kwa hiyo, vijana wangu, jina liandikeni kama wanavyolitamka. Alama ya hatari msiweke. Mamba pekee aliyewahi kusimama pale nilifanya naye kazi, na alikuwa anaogopa maji.